Jibu la msomaji: Aulizwe kwanza anayepigwa picha

Wiki hii mhariri ametuuliza kama mitandao ya kijamii imesaidia watu kuwajua wakimbizi na waomba hifadhi. Imesaidia, tena sana. Ila gharama ya msaada huo mara nyingi huangukia mkimbizi mwenyewe.

Septemba 2015 picha ya Alan Kurdi, mtoto wa Kisyria aliyekufa maji akaokotwa ufukweni karibu na Bodrum, Uturuki, ilizunguka dunia kwa muda mfupi mno. Vita vya Syria vilikuwa vimeanza 2011, na habari zake zilikuwa zikisomwa kila siku. Lakini ni picha ile iliyowafanya watu wachange na kuzibana serikali zao kwa maswali.

Tukija kwetu Kenya, kambi ya wakimbizi ya Kakuma ipo Turkana tangu 1992, na magari ya kwenda Lodwar, mji mkuu wa Turkana, yanaondoka Kitale, si mbali na sisi. Hata hivyo wengi hapa Nakuru walikuwa wakiisikia kambi ile kukiwa na fujo tu. Mwaka 2016 wanariadha watano kati ya kumi wa timu ya wakimbizi kwenye Olimpiki ya Rio walitoka huko, na Rose Nathike Lokonyen akabeba bendera. Siku hizi vijana wa Kakuma wanajirekodi na kujieleza wenyewe. Mgao wa chakula ulipopunguzwa 2025 kwa kukosa fedha za wafadhili, hatukungoja mtu wa kutusimulia. Hapo ndipo naona faida kubwa ya mitandao: mwenye shida ndiye anayeshika simu.

Anapoishika mwingine, mambo hubadilika. Mapema 2008, baada ya ghasia za uchaguzi, Showground ya hapa Nakuru ilijaa mahema, na Wakenya wengine walivuka Busia na Malaba wakawa wakimbizi Uganda. Familia yetu ilikuwa kwenye mahema hayo. Wageni wenye kamera walikuwa wakija, wanampiga mama picha akiwa kwenye foleni ya chakula, sahani mkononi. Hakuna aliyemuuliza kama anataka. Mama alikuwa na duka lake kabla ya kufukuzwa, na picha zile zilimuuma kuliko njaa. Lau ingekuwa leo, zingekuwa Facebook kabla jua halijatua, na waliomchomea nyumba wangejua alipo.

Kwa anayeomba hifadhi hilo ni suala la kufa na kupona, kwani bado anangoja uamuzi na huenda anaikimbia serikali yake mwenyewe. Januari 2017 raia wawili wa Sudan Kusini, wakili Dong Samuel Luak na mwanasiasa Aggrey Idri, walitoweka Nairobi. Sisemi waliponzwa na picha. Nasema mtu anaweza kuvuka mpaka, na waliomkimbiza wakavuka nyuma yake.

Kuhusu chuki sitasema mengi. Zaidi ya Warohingya 700,000, Waislamu walio wachache Myanmar, waliikimbia nchi hiyo kuanzia Agosti 2017, na mwaka uliofuata Facebook yenyewe ilikiri haikufanya vya kutosha kuzuia uchochezi kwenye mtandao wake. Kwetu 2008 uchochezi ulienezwa kwa meseji za simu.

Kwa hiyo nawaomba wale wanaopeleka misaada kambini, makanisa na vikundi vya vijana hasa: kabla ya kupiga picha, mwambieni mtu itakwenda wapi na nani ataiona. Akikataa, apewe unga wake kama wenzake, bila kununiwa. Nyuso za watoto zisionyeshwe kabisa. Na mkimbizi anayeandika kwenye ukurasa wake, sambazeni maneno yake kama alivyoyaandika, na jina lake liwepo pale tu alipoliweka mwenyewe.

Msomaji, Free Area, Nakuru