Ukitafuta chumba Mwanza na wewe ni transi, anza na choo

Kila kijana wa Kahama au Geita anayenitafuta akitaka kuhamia huku huanza na swali moja: "Kaka, Mwanza wanatupokea?" Jibu langu huwakera wengi. Mwanza haipokei mtu wala haifukuzi mtu. Anayekupokea au kukufukuza ni mwenye nyumba, ni mpangaji wa chumba cha pili, ni mama wa chapati pale getini. Mimi ni mwanaume transi, yaani nilizaliwa nikaandikwa wa kike lakini ni mwanaume, na nimepanga kwenye jiji hili muda wa kutosha kuona mwenzetu akikaa kwa amani mtaa unaosemwa vibaya, na mwingine akihamishwa usiku kutoka mtaa wa wasomi wenye mageti na mbwa. Kwa hiyo acha kutafuta mtaa. Tafuta nyumba, na kwenye hiyo nyumba kaangalie choo kwanza.

Sitanii. Nyumba zetu nyingi za kupanga mnazijua: vyumba vinatazamana uani, choo na bafu viko nyuma, mlango ni bati na wakati mwingine ni pazia tu. Asubuhi ni foleni ya ndoo. Sasa wewe umefunga kifua. Uvue binda, ile fulana ya kubana kifua, uoge, ujifute mpaka ukauke kabisa (ukivalia kwenye unyevu ngozi inachubuka), uivae tena, na huku nje mtu anagonga bati, "We kaka, umelala humo?" Bado hujafika siku za hedhi, kwa wanaoipata, ukaanza kujiuliza pedi utaitupa wapi kwenye nyumba ambayo pipa la taka ni moja na watoto wanalichokonoa. Chumba masta kina bei, nakubali. Lakini kama hela yako inatosha anasa moja tu, iwe hiyo. Chumba kidogo chenye choo chake nakichukua mara mia kuliko chumba na sebule cha choo cha kuchangia. Godoro linalala chini hata mwaka mzima, halimsemi mtu.

Masta ikishindikana, kuna jambo la Mwanza ambalo wageni hawalijui. Huku tunaishi juu ya mawe. Ukienda Igogo, Mabatini, Isamilo kule juu, nyumba zimepandana mlimani, na bafu nyingi za uani hazina paa. Ukiwa chini unaona kuta nne, unaridhika. Panda kwa jirani wa juu, simama kwenye kibaraza chake kama unaomba maji, halafu tazama chini. Ukiiona ndoo ya bafuni, basi na yeye atakuona wewe. Mimi nilishaacha chumba kizuri sana, cha bei nzuri, kwa sababu hiyo tu, na dalali aliniona kichaa.

Kamba ya nguo nayo ni ya kuangalia. Binda ikianikwa uani ni maswali, hata useme ni ya mgongo. Mimi ya kwangu naitundika ndani, nyuma ya mlango, dirisha wazi, na nina mbili ili moja ikauke taratibu.

Madalali sina ugomvi nao, wanatafuta riziki. Ila usimwambie dalali habari zako. Atachukua kodi yako ya mwezi mmoja kama malipo yake, na wiki ijayo atakuwa anampeleka mtu mwingine nyumba hiyo hiyo huku akipiga stori. Mwambie unachotaka: choo ndani, geti linalofungwa, wapangaji wachache. Hayo ni mahitaji ya kawaida ya mtu yeyote mstaarabu na hayana maelezo. Na chumba ukipelekwa mchana, rudi mwenyewe saa mbili usiku, Jumamosi ukiweza. Utajua kama kuna mlevi anayetukana watu mlangoni, na matusi yake ni ya aina gani. Nyumba ambayo neno "jike dume" linarushwa kwa utani kila dakika haihitaji uchunguzi zaidi.

Sasa mwenye nyumba. Wenzangu wengi watakwambia uchague mwenye nyumba anayeishi mbali, umtumie hela, msionane. Mimi napinga. Mwenye nyumba wa mbali anakujua kwa maneno ya watu tu. Siku mpangaji mmoja akimpigia simu kusema "yule si mwanaume", hana kingine cha kupimia. Nampenda mama mtu mzima anayeishi humo humo, hata kama ana masharti kibao, geti saa nne, redio chini, wageni wajulikane. Wa kwangu alinihoji siku ya kwanza tukiwa tumekaa kwenye ngazi anachambua dagaa.

"Baba, una mke?"

"Bado mama. Natafuta maisha kwanza."

"Haya, utafute. Ila usiniletee kila wiki mwingine."

Baadaye maneno yalimfikia, sijui kwa nani. Nilimsikia jikoni akimjibu mtu: "Kodi analipa? Fujo anafanya? Basi niacheni nipike." Hakuwahi kuniuliza, na mimi sikuwahi kumweleza. Wapo watakaosema huko si kupokelewa. Kwangu kunatosha kulala usingizi.

Ila mama wa namna hiyo anaangalia mambo madogo. Kwa Wasukuma binti hupiga goti akimsalimia mkubwa, kijana wa kiume hapigi. Kama ulilelewa kwa kupiga goti, magoti yana kumbukumbu yake. Toa shikamoo yako ukiwa umesimama, inamisha kichwa kidogo, yatosha. Dada zangu transi wana kazi kinyume na hiyo, na kwa ujumla mzigo wao ni mzito kuliko wangu. Mwanaume transi anapita akionekana kijana mdogo asiye na ndevu, wao kila macho yapo kwao. Rafiki yangu mmoja, msusi, alihangaika mpaka alipohamia nyumba iliyojaa wanawake wanaojitafutia, wahudumu wa baa na wasusi wenzake. Wale wameshatukanwa na kila mtu, hawana muda wa kumtukana mwingine. Na wakisikia kuna msako, habari inafika chumbani kwake kabla ya gari. Wengine wanapendelea upande wa Malimbe, karibu na chuo cha SAUT, kwa sababu kila mwaka wa masomo unaleta sura mpya na hakuna anayeshangaa mgeni.

Twende kwenye karatasi, hapo ndipo wengi wanapofichuka. Mwenye nyumba ataomba namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, na ofisi ya serikali ya mtaa itataka ujiandikishe kwenye daftari la wakazi. Jina unaweza kulibadili kisheria kwa hati anayoiandaa wakili na kuisajili, lakini alama ya jinsia kwenye kitambulisho haina utaratibu wa kubadilishwa hapa nchini. Tunabaki na bahati moja: jina letu la pili ni la baba. Nikijitambulisha kwa jina la baba, sijamdanganya mtu, na mtaa mzima unaniita hivyo. Kwenye mkataba naandika herufi ya kwanza ya jina langu kisha la baba. Kwa mjumbe nenda mapema, mwenyewe, umevaa vizuri, na kitambulisho mkononi. Akitazama picha akakutazama, mwambie "ndiyo mimi" na unyamaze. Anayeongea sana pale mezani ndiye anayeulizwa sana.

Kodi usiilipe kwa simu. Tangu laini zilipoanza kusajiliwa kwa alama za vidole mwaka 2019, jina linalomtokea mpokeaji ni lile la NIDA, lote. Mtu anakuita Kaka Masanja mwaka mzima, siku moja anapokea elfu hamsini kutoka kwa Rehema. Peleka taslimu, asaini nyuma ya mkataba, piga picha. Hata ukimtumia fundi umeme elfu tano, kumbuka hilo.

Sheria nayo ijue ilivyo, usiishi kwa kusimuliwa. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 154, inahusu tendo la kujamiiana linaloitwa kinyume cha maumbile, na adhabu yake ni kifungo cha maisha, kisichopungua miaka 30. Hakuna kifungu kinachosema kuwa transi ni kosa. Lakini anayetaka kukutia ndani hatafuti kifungu kwanza, na kama una mwenza, jinsia iliyo kwenye vitambulisho vyenu ndiyo atakayoishika. Mwaka 2018 mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam wa wakati ule alipotangaza kikosi cha kuwasaka mashoga, Wizara ya Mambo ya Nje ilitoka na kusema hayo ni maoni yake binafsi. Tamko lile halikumrudisha mtu aliyekuwa ameshakimbia chumba chake. Upepo wa namna hiyo ukianza kuvuma redioni, punguza wageni, safisha simu, na hamia kwa ndugu au rafiki kwa muda hata kama mtaani kwako kuko kimya.

Kuna wanaodhani kimbilio ni visiwani na mialoni, maana kule hakuna anayekuuliza umetoka wapi. Ni kweli, hawaulizi. Kwenye kambi za wavuvi kuna Wakerewe, Wajita, Waha, Wakongo, kila mtu ana la kwake. Tatizo ni mwili. Wanaume wanalala chumba kimoja na jioni wanaoga ziwani, pamoja, wakitaniana. Visingizio vya kutooga na wenzako vina mwisho. Halafu dagaa huvuliwa kwa taa kwenye giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa mitumbwi inakaa ufukweni, kambi inajaa watu wasio na kazi, pombe na soga. Ukitaka kuishi na ziwa, kaa Nansio mjini au upange Kirumba uende mwaloni mchana kama mfanyabiashara. Kununua na kuuza dagaa hakumtaki mtu avue shati.

Kuvuka mpaka nako kunaulizwa sana. Kisumu ina faida moja ambayo haisemwi: kule kodi hulipwa mwezi kwa mwezi pamoja na amana, wakati huku wenye nyumba wengi wanataka miezi sita au mwaka mkononi. Ukilipa mwezi, unaondoka mwezi. Mahakama za Kenya nazo zimethubutu. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliamuru Baraza la Mitihani limpe mwanamke transi Audrey Mbugua cheti chenye jina lake jipya na kisicho na alama ya jinsia. Lakini vifungu vya 162 na 165 vya sheria yao ya adhabu, vinavyotumika dhidi ya mashoga, vipo, Mahakama Kuu ilivibakiza mwaka 2019, na pale mpakani Sirari bado utakaguliwa kwa jinsia iliyo kwenye pasipoti. Nenda ukiwa na kazi unayoijua, sio na matumaini.

Upande wa Uganda sikushauri kabisa kwa sasa. Sheria yao ya 2023 ya kupinga ushoga ilikuwa na kipengele cha kumfunga hadi miaka 10 anayeruhusu nyumba yake itumike kwa ushoga, na wenye nyumba wakaanza kutoa watu kabla hata polisi hawajafika. Mahakama ya Katiba ilikifuta kipengele hicho Aprili 2024, sheria iliyobaki ikaendelea. Mwenye nyumba aliyeogopa hasomi hukumu.

Afrika Kusini, ndiyo, ina sheria ya kubadili jinsia kwenye kumbukumbu tangu 2003, na Botswana mahakama ilimkubalia mwanaume transi mwaka 2017. Ni habari njema. Nauli, kibali na kazi ni habari nyingine, na sitajifanya kukushauri juu ya maisha ambayo sijayaishi.

Mwisho ni hela ya kutokea. Nikiwa na kodi ya miezi sita kibindoni, ninalipa mitatu na kumbembeleza mama aipokee. Wengi hukubali ukishakaa kipindi kimoja bila usumbufu. Inayobaki ni ya chumba cha dharura. Vyeti, NIDA na mkataba nakala zake ziko kwa mtu nje ya nyumba. Na barua ya utambulisho kutoka ofisi ya mtaa iombe sasa, wakati mwenyekiti bado anakusalimia vizuri, kwa sababu mtaa mpya utaitaka na mtaa uliofukuzwa hautakuandikia.