Kabla ya Kutafuta Unga Mbadala, Tafuta Wenzako

Karatasi niliyopewa nilipothibitishwa kuwa na ugonjwa wa seliaki, ugonjwa wa utumbo unaochochewa na gluteni, ilikuwa na kila jambo la lazima. Ilitaja ngano, shayiri na rai, ikaeleza kwamba gluteni ni protini iliyomo ndani ya nafaka hizo, ikaniagiza niiache maisha yangu yote. Yote yalikuwa kweli. Ila haikusema nimjibu nini mwenyeji ambaye ameshanipakulia, wala nikifanyie nini kijiko cha mbao kilichokoroga unga wa ngano miaka nenda miaka rudi. Hayo nilifundishwa na watu wenye ugonjwa kama wangu. Kwa hiyo ushauri wangu kwako uliyeanza juzi ni huu: tafuta wenzako mapema, kabla hujaanza kuhangaika na unga mbadala wa ngano.

Kwa wewe ambaye bado hujapimwa, nina ombi moja. Usiache gluteni kabla ya vipimo. Kipimo cha damu hutafuta kingamwili ambazo mwili huzitengeneza wakati gluteni inaendelea kuingia. Ukiiacha kwa muda, kingamwili hizo hupungua, na majibu yanaweza kutoka safi ilhali ugonjwa upo. Kipande kidogo cha utumbo ambacho daktari hukichukua kwa kamera nacho kinaweza kuonekana kimeshaanza kupona. Wapo wenzetu walioacha ngano wenyewe, wakapata nafuu, halafu wakaambiwa wairudie kwa wiki kadhaa ndipo wapimwe. Huo ni mtihani mzito kwa mtu aliyekwisha kuonja afya.

Na jibu la vipimo lina uzito wake, kwa sababu seliaki si mzio wa ngano, na hali hizo mbili si sawa na ya mtu ambaye ngano humsumbua tumbo bila kingamwili wala majeraha kuonekana kwenye utumbo. Mwenye mzio wa ngano anaweza kubanwa pumzi mara moja. Mwenye seliaki anaweza asihisi chochote siku hiyo, huku ndani akiendelea kuumia. Tena ana ndugu zake wa kuwafikiria: kwa wazazi, watoto na ndugu wa tumbo moja wa mgonjwa, takribani mmoja kati ya 10 huwa naye anao ugonjwa huu, wakati kwa watu wote kwa jumla ni kama mmoja kati ya 100. Mwenzako kwenye kikundi cha wagonjwa hawezi kukupima kwa kusikiliza dalili zako, hata awe na uzoefu wa miaka mingi. Kazi hiyo ni ya daktari.

Ukielewa kinachotokea mwilini, masharti yanakuwa mepesi kuyafuata. Ukuta wa utumbo mwembamba umefunikwa na vinyweleo vidogo mno, vimesimama kama nyuzi za taulo, na kazi yake ni kufyonza chakula. Kwa mwenye seliaki, gluteni huchochea kinga ya mwili iushambulie utumbo wenyewe, na vinyweleo hivyo hulala na kunyauka. Chakula kinapita, faida yake haiingii. Ndiyo maana ugonjwa huu hujionyesha kwa sura nyingi: mmoja anaharisha, mwingine anafunga choo, mwingine ana upungufu wa damu usiosikia vidonge vya madini ya chuma, mwingine mifupa yake imedhoofika kabla ya umri, mwingine ana vipele vinavyowasha kwenye viwiko na magoti. Katika kikundi chetu ni shida kupata wawili waliofika kwa njia ile ile. Jambo hilo peke yake lilinipa faraja kubwa, kwa kuwa kwa miaka nilidhani uchovu wangu ni tabia yangu.

Dawa ya ugonjwa ni chakula, na jambo hili lilijulikana kwa njia ya huzuni. Daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem-Karel Dicke, alikuwa ameishuku ngano tangu miaka ya 1930. Katika njaa kali iliyoikumba nchi yake majira ya baridi ya 1944 na 1945, mkate ulipoadimika, watoto wenye seliaki walipata nafuu. Mkate uliporudi, wakaugua tena. Baada ya vita yeye na wenzake wakathibitisha kwamba tatizo liko kwenye ngano na rai. Kujulikana kwa chanzo, hata hivyo, hakukumfundisha mtu namna ya kuishi nacho. Mwaka 1968 huko Uingereza, Peter Benenson, yule mwanasheria aliyeanzisha Amnesty International, shirika la kutetea haki za binadamu, mwaka 1961, alianzisha chama cha wagonjwa wa seliaki kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa na ugonjwa huo. Mtu aliyezoea kupigania wafungwa aliona kwamba mgonjwa aliye peke yake naye anahitaji wa kusimama naye. Mimi huona busara kubwa katika hilo.

Sasa jikoni, ambako ndiko nilikopokea msaada mkubwa zaidi.

Mwenzetu mmoja aliyetutangulia kwa miaka mingi ana desturi ya kwenda jikoni kwa kila mgeni wa kikundi anayemkaribisha. Hafiki na hotuba. Anafungua kabati, anashika kitu kimoja kimoja, anauliza: hiki kimepikia nini? Alinionyesha kwamba chujio lililochuja tambi za ngano hubaki na utelezi kwenye matundu ambao sifongo haiufikii. Alinionyesha nyufa za kibao cha kukatia mkate, na vijiko vya mbao, na tosta iliyojaa makombo chini. Alifungua kopo la siagi, na humo tukaona vipande vidogo vya mkate vilivyoachwa na visu vya watu wengine wa nyumbani. Siku hiyo nilinunua chujio jipya, vijiko vipya na kibao kipya, nikavitia alama ya rangi, na siagi yangu ikapata kopo lake. Sufuria za chuma zisizo na mikwaruzo zilibaki. Zinasafishika vizuri kwa sabuni na maji, hakuna haja ya kutupa jiko zima.

Unaweza kuona kama ni kujitesa kwa ajili ya makombo, kwa hiyo tazama hesabu. Kiwango cha Codex Alimentarius, yaani mkusanyo wa viwango vya kimataifa vya chakula, kinataka chakula kinachoitwa kisicho na gluteni kisizidi miligramu 20 za gluteni kwa kila kilo. Wataalamu wengi huona kwamba mgonjwa anatakiwa abaki chini ya takribani miligramu 10 kwa siku, na utafiti umeonyesha kwamba miligramu 50 kila siku kwa miezi mitatu zinatosha kuujeruhi utumbo. Kipande kimoja cha mkate wa kawaida kina gluteni ya zaidi ya gramu moja, yaani zaidi ya miligramu 1,000. Ukikigawanya kipande hicho kuwa makombo, utaona kwa nini kisu cha siagi kinatuhangaisha. Na moto hausaidii. Gluteni si kijidudu, haifi kwa kuchemshwa wala kwa kukaangwa. Mafuta yaliyokaangia kitu kilichoviringishwa kwenye unga wa ngano hayafai tena kwa chakula chetu, hata yawe yamechemka kiasi gani.

Kusoma lebo nilifundishwa dukani, si kwa maelezo. Tulisimama mbele ya rafu, mwenzangu akinipa pakiti nami nikimsomea. Humo nilijifunza kwamba maneno "bila ngano" hayatoshi, maana shayiri inaweza kuwa imeingia kwa jina la kimea. Kwamba sosi nyingi za soya hutengenezwa kwa ngano. Kwamba semolina, bulguri na spelti zote ni ngano kwa majina mengine. Kwamba supu za pakiti, soseji na viungo vilivyochanganywa vinaweza kuwa na unga wa ngano wa kuvipa uzito. Oti ina habari yake: yenyewe haina gluteni ya ngano, lakini mara nyingi huchanganyika na ngano shambani au kiwandani, kwa hiyo tunakula ile tu iliyothibitishwa kuwa safi, na hata hiyo kuna wachache isiyowapatana. Zungumza na daktari wako kabla ya kuianza. Na pakiti uliyoisoma mwezi uliopita, isome tena, maana viwanda hubadilisha viambato bila kubadilisha picha ya nje.

Kuhusu ule unga mbadala. Wengi wetu tulikimbilia mkate kwanza, kwa kuwa ndicho kitu tulichonyang'anywa, na mkate ndio mgumu kuliko vyote. Gluteni ndiyo huufanya unga wa ngano uvutike na kushika hewa ya hamira. Bila hiyo unahitaji kitu cha kushikanisha, kama gundi ya zanthani au maganda ya sailiamu yaliyosagwa, na mkono uliozoea. Ushauri wa kikundi, nao niliona ni wa hekima, ni kuanza na vyakula ambavyo havijawahi kuhitaji ngano: mchele, mahindi, mtama, viazi, muhogo, kunde za kila aina, nyama, samaki, mayai, mboga na matunda. Shibe ikishapatikana na woga ukipungua, ndipo uje kwenye mkate, na ufanye na mtu anayeujua. Vile vya pakiti vilivyoandikwa "bila gluteni", biskuti na keki zake, vingi vina nyuzinyuzi kidogo na sukari au mafuta ya kutosha. Usivifanye mlo.

Kuna pia suala la maziwa ambalo huwatisha wageni wengi. Mtu ameacha gluteni kwa uaminifu, lakini akinywa maziwa tumbo linaunguruma, naye anadhani tiba imeshindwa. Kimeng'enya cha kusaga sukari ya maziwa hukaa kwenye ncha za vile vinyweleo, na vinyweleo vikiwa vimenyauka, nacho hupungua. Kwa wengi hali hii hupita utumbo unapopona. Nilielezwa haya na mama mmoja wa kikundi chetu kwa sauti ya upole sana, na kesho yake daktari akanithibitishia.

Kupona kwenyewe kunataka subira. Dalili zinaweza kupungua ndani ya wiki chache, lakini ukuta wa utumbo, hasa kwa mtu mzima, huchukua miezi mingi na hata miaka. Ndiyo maana daktari hurudia kupima kingamwili, madini ya chuma, vitamini na wakati mwingine mifupa. Usikose miadi hiyo kwa sababu eti unajisikia vizuri.

Sasa nije kwenye meza za watu, ambako machozi yangu mengi yametoka. Kukataa chakula mbele ya aliyekipika kwa mapenzi kunaumiza pande zote mbili. Nilikuwa nikisema "sili ngano", na watu wakasikia kwamba nimechagua, kwa hiyo wakanibembeleza nionje kidogo. Wenzangu walinipa maneno mengine: "Nina ugonjwa wa utumbo, na hata chembe ya ngano inaniumiza ndani. Nimefurahi kuwa nanyi." Neno ugonjwa huondoa ubishi, na sentensi ya pili humwondolea mwenyeji aibu. Ninampigia mwenyeji simu mapema, ninamuuliza atapika nini, ninaomba nipakuliwe wa kwanza kabla vijiko havijaingiliana kutoka chombo kimoja hadi kingine. Pale ninapoona itakuwa mzigo kwake, ninabeba changu na kukila pamoja nao. Baada ya shughuli ngumu ninampigia mwenzangu mmoja, si kwa ushauri, bali kwa kuwa yeye haniulizi kwa nini nalia kwa ajili ya kipande cha keki.

Mzazi wa mtoto mwenye seliaki, kwako nasisitiza zaidi. Mtafutie mtoto wako wenzake. Mtoto anaweza kukuelewa na bado akajiona ametengwa, ila akikaa karibu na mtoto mwingine mwenye kifurushi chake cha chakula, anapumua.

Lakini si kila kikundi kinafaa, na hili lisemwe wazi. Epuka mahali ambapo kila anayeingia huambiwa ana seliaki. Epuka anayekuuzia vidonge vya kumeng'enya gluteni ili ule mkate. Hakuna kidonge kilichothibitishwa kumpa mgonjwa wa seliaki ruhusa hiyo. Na yule anayesema, "Mimi hula kidogo Jumapili na sisikii kitu," mpende lakini usimfuate, kwa sababu kutosikia maumivu si ushahidi kwamba utumbo hauumii. Kikundi kizuri utakitambua kwa namna kinavyokurudisha kwa daktari na mtaalamu wa lishe pale swali linapokuwa la kitabibu, na kwa namna kinavyompokea aliyeteleza bila kumsuta.

Waulize hao hao, daktari au mtaalamu wa lishe, kama wanamfahamu mgonjwa aliye tayari kuzungumza na mgeni. Mara nyingi wanaye. Usisubiri kikundi kikubwa, mtu mmoja anatosha kuanzia. Ukimpata, muombe mambo mawili tu kwa sasa: aje apekue kabati zako, kisha muende dukani pamoja mkiwa na muda wa kutosha na miwani ya kusomea, maana maandishi ya viambato ni madogo sana.