Umeme Ukikatika, Kifaa Chako Kitafanya Nini?

Saa tisa usiku nyumba nzima iliwaka. Sebule, vyumba vya kulala, veranda, hata choo cha nje. Umeme ulikuwa umekatika tangu saa mbili, tukalala gizani. Uliporudi, balbu zangu sita za kuamrishwa kwa simu zikaona huo ndio wakati wa kung'aa zote kwa mpigo. Mama yangu, aliyekuwa amekuja kututembelea kutoka Busia, alitoka chumbani kajifunga khanga, akaniita kwa sauti ya chini: "Mwanangu, nyumba hii ina majini?"

Nikamwambia hapana Mama, ni balbu. Akaniuliza ni balbu gani hizo za kujiwasha watu wakiwa wamelala. Nilichomjibu hakikumridhisha, na mimi pia hakikuniridhisha.

Naishi Tororo, Uganda, kazi yangu ni kupitisha mizigo mpakani Malaba. Si mhandisi. Ujuzi wangu wote kwenye mambo haya nimeununua kwa kuunguza vitu, na mke wangu anayo hesabu kamili ya vilivyoungua, usimuulize. Lakini pale kazini madereva na mawakala wenzangu wameshajua nina ugonjwa huu, kila wiki mmoja ananionyesha picha kwenye simu: "Kaka, hiki kizuri?" Nami huwarudishia swali lile lile: umeme ukikatika, kitafanya nini? Na intaneti ikipotea? Na radi ikipiga mtaa wa pili?

(Mafundi wetu husema "sensa". Mimi nitasema kihisi, yaani kifaa kidogo kinachotambua mambo kama mwendo, joto au maji, maana tangu ile sensa ya watu ya 2024, ukilitamka neno hilo hapa mtaani mtu atakuuliza kama umerudi kuhesabu watoto wake.)

Nianze na balbu, kwa kuwa ndiko wengi wanakoanzia. Kifaa chochote cha aina hii kina tabia yake umeme unaporudi: kujiwasha, kubaki kimezimwa, au kurudia hali kiliyokuwa nayo mwanzo. Kwenye vifaa vizuri unachagua mwenyewe ndani ya programu ya simu. Kwenye vya bei rahisi kiwanda kilishakuchagulia, na mara nyingi kilichagua "washa". Ulaya pengine mtu hatagundua mwaka mzima. Hapa kwetu utagundua kabla ya Ijumaa.

Pia kuna suala la waya. Kabla hujanunua swichi ya kisasa ya ukutani, zima umeme kwenye bodi kuu, fungua swichi ya zamani, uhesabu nyaya. Nyumba nyingi hapa zimefungwa kwa mtindo wa Kiingereza: waya wa moto unashuka kwenye swichi na kurudi kwenye taa, wa nyutro, ule wa kurudisha umeme, unaishia juu darini. Swichi nyingi za kisasa zinataka nyutro pale pale ukutani. Zipo zisizoihitaji, ila zinapitisha umeme kidogo kwenye taa hata ikiwa imezimwa, na balbu ndogo ya LED inabaki ikikonyeza usiku kucha. Mimi nilinunua nne kabla ya kufungua ukuta. Zipo kabatini.

Intaneti sasa. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kuanzia jioni ya tarehe 13, ikaanza kurudi tarehe 18. Siku hizo ndipo nilipoelewa nilichonunua. Nimekaa sebuleni, simu mkononi, balbu iko mita mbili juu ya kichwa changu, na haviwezi kuongea! Kumbe amri yangu ilikuwa inasafiri hadi kwenye seva ya mbali ng'ambo, halafu inarudi Tororo kuwasha taa. Nikawa natembea kwenda ukutani kama babu zangu, tofauti ni kwamba wao hawakulipia bando.

Baada ya hapo niliweka kompyuta ndogo ya Raspberry Pi nyuma ya televisheni, nikaisimika Home Assistant, programu ya bure iliyoanza 2013. Hiyo ndiyo inayoamua mambo ndani ya nyumba, intaneti iwepo isiwepo. Kuijifunza kulinichukua kama miezi miwili ya jioni, sitakudanganya kwamba ni kazi ya dakika tano. Ila sasa sinunui kifaa kabla ya kujua kama kinatii amri za ndani ya nyumba. Vyenye alama ya Matter, kiwango kilichotoka 2022, vimetengenezwa kufanya hivyo, na vingi vya Zigbee vinafanya pia. Kifaa kisichokubali hata kuwashwa mara ya kwanza mpaka ufungue akaunti kwa mtengenezaji, mimi nakiacha dukani.

Hiyo Zigbee nayo nilikuwa nimeielewa nusu. Ni mawasiliano ya redio yanayopokezana: kifaa kilicho mbali hupitisha ujumbe kwa kilicho karibu, nacho kwa mwenzake, hadi ufike kwenye kituo, kile kinachopokea taarifa zote za nyumba. Nzuri sana. Lakini wanaopokezana ni vile vilivyochomekwa kwenye umeme tu. Vihisi vya betri havimbebei mtu mzigo. Kwa hiyo umeme ukikatika, plagi na balbu zote za njiani zinakufa, na kihisi cha geti chenye betri nzima kabisa kinabaki kinapiga kelele peke yake gizani. Usiku ambao unakihitaji hasa. Dawa yake ni kuhakikisha kile kihisi muhimu kinafika kwenye kituo moja kwa moja bila msaada, na kukipa kituo na rauta UPS, yaani betri ya akiba, ndogo ya volti 12. Soma kwanza chaja ya rauta yako, nyingine ni volti 9. Jaribu kwa kuzima bodi kuu mchana kweupe, halafu tembea nyumba nzima ukifungua milango.

Kisha radi. Hapa Tororo, kati ya 1967 na 1976, zilihesabiwa wastani wa siku 251 za ngurumo kwa mwaka. Ukiona Jiwe la Tororo limevaa wingu saa tisa alasiri, unachomoa televisheni, hata mtoto wa darasa la pili anajua. Na radi si lazima ikupige wewe.

Hili nililijulia kwenye tangi la maji. Tuna tangi la plastiki la lita 2,000 juu ya mnara wa matofali, na jingine chini la kukinga mvua, pampu ikipandisha maji juu. Nilitaka kujua maji yamebaki kiasi gani bila kupanda ngazi. Nikanunua kihisi cha mwangwi, kile kinachotuma mlio tusiousikia na kupima muda wa mwangwi kurudi. Nikatoboa kifuniko, nikakipachika, nikavuta waya kama mita 25 hadi jikoni. Wiki ya kwanza nilikuwa naangalia asilimia za maji kwenye simu nikiwa Malaba, nawaonyesha madereva.

Matatizo yakaanza kwa upole. Kihisi hicho kina upofu wa kama sentimita 20 mbele ya uso wake, basi tangi likikaribia kujaa namba zilikuwa zinaruka ovyo. Asubuhi, mvuke uliogandia chini ya kifuniko ulitengeneza matone usoni mwake, kikasema tangi limejaa ilhali watoto wanaoga kwa kikombe. Nikawa nakifuta kila Jumapili. Halafu mwezi wa nne, radi ikapiga mahali fulani upande wa reli, si karibu hata kidogo, na jikoni nikasikia mlio kama wa karanga kupasuka. Ule waya wa mita 25 ulikuwa umegeuka antena. Kihisi, bodi yake, chaja yake, vyote vimekwenda.

Ninachotumia leo ni cha kuchekesha kwa urahisi wake: maboya mawili ya swichi, moja juu, moja chini. Boya likielea linaunganisha nyaya mbili, likishuka linaziachanisha. Hakuna umeme wa ukutani hapo. Kila boya nimeliunganisha na kihisi cha mlango cha betri. Ndani ya kihisi cha mlango mna kioo kidogo chembamba chenye vibati viwili vinavyogusana sumaku ikikaribia. Nyaya za boya nilizichomelea pande mbili za kile kioo. Kihisi kinadhani ni mlango. "Mlango" wa juu ukifungwa, tangi limejaa. Wa chini ukifunguka, maji yanaisha. Vimo ndani ya kikopo cha plastiki chini ya kifuniko, waya wake haufiki hata mita mbili, na mvua mbili kubwa za mwaka zimepita juu yake bila kuvigusa. Sipati asilimia za kuwaonyesha madereva. Najua maji yapo au hayapo, basi.

Nyumba nayo inahitaji waya wa ardhi wa kweli na kizuia mawimbi ya umeme kwenye bodi. Hilo mwachie fundi mwenye leseni.

Tukiwa bado kwenye maji: usichomeke pampu kwenye plagi ya kisasa, hata ikiandikwa ampea 10 na pampu yako inakula tano. Mota inapoanza kuzunguka huvuta mara kadhaa ya kiasi chake cha kawaida, na vile vibati ndani ya relei, ile swichi ndogo ya ndani inayowasha na kuzima, vinaungana kwa joto, vinagandana. Yangu iligandana ikiwa imewaka. Simu inasema "imezimwa", pampu inanguruma, tangi la chini limekauka. Kama si kijana wa jirani aliyesikia mlio umebadilika, ningenunua pampu nyingine. Sasa pampu inawashwa na kontakta, swichi kubwa inayohimili mota, relei ndogo inaiamrisha kontakta tu, na boya la tatu limefungwa kwenye waya wa kontakta hiyo, likate pampu maji ya chini yakiisha hata kama kompyuta yangu imelala.

Milango yetu ni ya chuma, na vihisi vya milango vimetengenezewa mbao. Chuma kinavuta nguvu za sumaku, zile sentimita mbili zilizoandikwa kwenye boksi zinakuwa nusu, king'ora kinalia upepo ukitikisa mlango. Weka kipande cha mbao cha unene wa sentimita moja chini ya sumaku, na kingine chini ya kihisi. Tena tumia skrubu; ile gundi ya karatasi waliyoiweka inayeyuka kwenye mlango unaopigwa na jua la mchana.

Vihisi vya mwendo vya kawaida vinatazama joto linalohama. Nje, migomba inayoyumba mbele ya ukuta uliopata jua inatosha kuviamsha, na mjusi akitambaa juu ya lenzi, kwa kihisi huyo ni mwizi mnene. Ndani, chumba cha mabati kisicho na dari mwezi wa pili kinakaribia joto la mwili wa mtu, na kihisi hakimwoni vizuri. Vya rada vinamwona hata aliyekaa kimya akisoma, ila vinaona pia feni na pazia, na vinataka umeme muda wote. Mimi vya rada nimeviacha.

Mke wangu anafuga vifaranga, na hapo ndipo kihisi kimoja kimelipa gharama za vingine vyote. Wiki ya kwanza vinahitaji kama nyuzi 33 hadi 35. Kihisi cha DHT11, kile cha buluu cha bei ya soda kadhaa, kinaweza kukosea nyuzi mbili juu au chini, na kwa kifaranga nyuzi mbili ni nyingi. DHT22 hukosea kama nusu nyuzi. Tulichobaki nacho ni DS18B20 kilichofunikwa kwa chuma, maana vumbi la maranda na hewa ya mbolea havikisumbui. Kinatumia betri, bila shaka: taa ya joto inazimika umeme ukikatika, na saa hiyo hiyo ndiyo kihisi kinapaswa kuwa macho. Joto likishuka chini ya 30 king'ora kinalia chumbani kwetu, mmoja wetu anaamka kuwasha sigiri. Aghalabu ni mimi.

Kamera chukua yenye kadi ya kumbukumbu ndani, na uielekeze uani kwako, si dirishani kwa jirani. Uganda ina sheria ya kulinda data na faragha tangu 2019. Na ndugu aliye Marekani akikuletea zawadi, soma maandishi madogo nyuma yake kabla ya kushukuru. Kikiandikwa volti 120 pekee, hapa penye 240 kitakushukuru kwa moshi. Binamu yangu aliniletea plagi mbili. Moja iliishi sekunde nne.

Siku hizi nikienda Kampala kununua kifaa, namwomba muuzaji akichomeke pale pale. Nakiwasha, nakichomoa, nahesabu hadi kumi, nakichomeka tena, natazama kimeamkaje. Halafu nazima data ya simu, naangalia kama bado kinanisikia. Safari iliyopita muuzaji alinitazama nikirudia mara ya tatu, foleni imejaa nyuma yangu, akauliza: "Ssebo, unanunua au unacheza?" Nikamwambia nacheza kwanza.