Malema yenye dirisha: nitumie jaribio lipi?

SWALI: Assalaam aleykum, mwalimu. Mimi ni karani wa BMU, kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo, huku Kizingitini, Lamu. Wavuvi wanane walikubali kujaribu malema, yaani mitego ya samaki, yenye dirisha la kutokea samaki wadogo. Kila mmoja alivua siku moja kwa malema yake ya kawaida na siku nyingine kwa yale yenye dirisha, idadi ileile, chambo kilekile, mwamba uleule. Kilo za malema ya kawaida ni 4, 5, 6, 7, 8, 9, 11 na 14. Za malema yenye dirisha, kwa kufuata wavuvi walewale, ni 3, 5, 5, 6, 6, 9, 10 na 12. Nilizitia kwenye programu, nikafanya jaribio la t la makundi mawili, nikapata t ya 0.63 na p ya 0.54. Nimejiandaa kuwaambia wazee kwamba dirisha halipunguzi mapato. Mwenzangu anasema ilikuwa nitumie kai-mraba. Nani amepatia?

JIBU: Waleykum salaam, ndugu yangu. Nakuomba sana, maneno hayo usiwafikishie wazee bado. Hesabu yenyewe haina kosa. Nimeirudia kwa kalamu nikapata 0.63 yako. Lakini jaribio ulilolichagua silo, na namba hizohizo ukiziuliza vizuri zinakujibu kinyume.

Unapopima nadharia tete, unaanza kwa kushika dai moja kama kwamba ni la kweli: dirisha halibadilishi kitu. Kisha unauliza, ikiwa ni hivyo, namba kama hizi ni za kutarajiwa au ni za kushangaza? Ile p ndiyo jibu: ni uwezekano wa kupata tofauti kubwa kama hii au zaidi kwa bahati tu, na ikiwa ndogo ndipo pana cha kushangaza. Ili ujibu unahitaji kipimo kimoja cha kukusanya ushahidi wote. Kwa jaribio la t, kipimo hicho ni tofauti ya wastani ikigawanywa kwa kiasi ambacho tofauti hiyo ingeyumba kwa bahati tu. Juu ya mgawanyo wako pana kilo 1, kwa maana wastani ni 8 kwa 7. Hiyo haibadiliki kwa jaribio lolote. Kinachobadilika ni kile cha chini, na hapo ndipo ulipopotea.

Programu ilidhani una wavuvi kumi na sita, wanane huku na wanane kule, hawahusiani. Ikaona mmoja kaleta kilo 4 na mwingine 14, ikahesabu pengo lote hilo kuwa ni kuyumba kwa bahati. Matokeo yake kilo 1 ikagawanywa kwa 1.58. Lakini wewe na mimi tunajua kwamba mwenye kilo 14 anaijua miamba yake na huyu wa kilo 4 pengine ndiyo kwanza anaanza. Pengo lao halina uhusiano wowote na dirisha. Wewe mwenyewe ulifanya jambo la busara kubwa tangu mwanzo, ukamlinganisha kila mvuvi na nafsi yake, halafu programu ikaitupa busara hiyo.

Chukua karatasi. Toa kilo za dirisha kwenye kilo za kawaida, mvuvi mmoja mmoja: 1, 0, 1, 1, 2, 0, 1, 2. Sasa una orodha moja tu ya namba nane, na wastani wake ni 1. Mkengeuko sanifu wake, yaani kiasi namba zinavyotawanyika kando ya wastani, ni 0.756, ugawe kwa kipeuo cha pili cha 8, unapata 0.267. Kilo 1 kwa 0.267 ni t ya 3.74. Kwa digrii 7 za uhuru, yaani namba nane ukitoa moja, jedwali la t linataka ipite 2.365 kwa kiwango cha asilimia 5, nayo imepita mbali. Thamani ya p inashuka hadi karibu 0.007.

Usiponiamini, itazame orodha hiyo bila fomula. Wavuvi wawili hawakuona tofauti. Sita waliobaki, wote sita walipungukiwa. Kama dirisha halina athari, kila mmoja wao ni kama sarafu iliyorushwa, na sarafu sita kuangukia upande mmoja, wowote ule, hutokea mara 1 katika 32. Hilo nalo ni jaribio kamili, huitwa jaribio la alama, nami hulipenda kwa kuwa unaweza kulieleza barazani na kila mtu akafahamu.

Gosset, aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha bia cha Guinness huko Dublin, alipoitoa hesabu hii mwaka 1908 kwa jina la Student, alitumia mfano wa jinsi hii hii: wagonjwa 10, dawa mbili za usingizi, kila mgonjwa akilinganishwa na nafsi yake.

Kai-mraba ya mwenzako ni ya kuhesabu vichwa, si kilo. Ingefaa kama ungeuliza tafi wangapi walikuwa wachanga na wangapi wakubwa. Hata hapo, samaki wa lema moja huingia kwa kundi, kwa hiyo usiwahesabu kama kwamba kila mmoja alikuja peke yake.

Na hata p ya 0.54 ingekuwa ya jaribio sahihi, isingekupa ruhusa ya kusema dirisha halipunguzi. Ingesema tu kwamba ushahidi haujatosha. Wale ni watu wanaolisha watoto kwa kilo hizo. Waambie ilivyo: kwa siku, upungufu unakadiriwa kuwa kati ya kilo 0.4 na 1.6, halafu wapime wenyewe kama samaki wachanga waliotoka wanastahili gharama hiyo.

Limebaki moja, nalo lanitia wasiwasi kuliko yote. Hukunitajia tarehe. Ikiwa wote walianza na malema ya kawaida wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, kisha wakatega yenye dirisha wakati wa maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, basi huenda ulichopima ni maji, wala hakuna jaribio litakalokuokoa. Nitumie tarehe hizo. Mkirudia, rusha sarafu mbele ya kila mvuvi ijulikane aanze na lema lipi, na uandike siku ya mwezi wa Kiislamu kando ya kila kilo, maana maji hufuata mwezi.