Barua kwa mwanangu: Doa la kifungo

Mwanangu Zuhura,

Sote hatujambo, mama yako anakusalimu sana. Umeniuliza kama ni kifungo kinachowakosesha vijana kazi, au ni vijana ambao hata wasingefungwa wangehangaika vilevile. Umeniuliza mimi kwa sababu wengine waliotoka jela wamepitia karakana yangu hapa Ngamiani, Tanga.

Kweli, wengi walikuwa na shida tangu mwanzo: shule waliiachia njiani, nyumbani hakuna wa kuwasimamia. Lakini ule utafiti wa Devah Pager, yule mwanasosholojia wa Marekani, ulionisomea kwenye simu, wa mwaka 2003, jibu limo. Kule Milwaukee, Marekani, alituma vijana wenye sifa zinazolingana wakaombe kazi, wakipokezana kujitambulisha kuwa wamewahi kufungwa. Wazungu wasio na doa waliitwa 34 katika kila 100, wenye doa 17. Weusi wasio na doa 14, wenye doa 5. Na vijana ni walewale! Kifungo cha kusingizia tu kiliwakosesha kazi, sembuse cha kweli.

Huku kwetu fundi hakuulizi cheti cha polisi. Anauliza, "Nani anakujua?" Aliyefungwa ana miaka 19 hana wa kumsemea, kwa sababu miaka ambayo wenzake walishika randa na kuzoeana na wateja, yeye hakuwepo. Ninaye mmoja, fremu zake za mninga zinakaa sawasawa bila kabari. Juzi simu ya mteja ilipotea, macho yote yakamgeukia yeye. Ikaonekana kwenye maranda, chini ya meza. Hakusema neno, aliendelea kupiga msasa huku mkono unamtetemeka. Kesho yake akaniaga kwamba anaacha kazi. Nimemkatalia.

Ndiyo maana inaniuma kijana akifungwa kwa kosa dogo. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza aliye chini ya miaka 18 kuhukumiwa kifungo. Aliyevuka umri huo bado ana Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 2002, kwa vifungo visivyozidi miaka mitatu: anafanya kazi ya umma bila malipo, jioni analala kwao, na fundi wake hamsahau. Mahakimu waitumie hiyo kwanza, gereza liwe la mwisho.

Ukipata utafiti kama huo kuhusu mafundi wadogo, nitumie. Huku ajira nyingi ziko kwetu sisi.

Baba yako