Tairi Gumu Kama Jiwe na Fedheha Yangu ya Pongwe

Juma lililopita kijana mmoja wa Korogwe aliniandikia kuniuliza anunue tairi gani kwa ajili ya baiskeli yake ya mashindano, akaongeza kwamba fedha alizonazo zinatosha jozi moja tu, kwa hiyo anataka lile lenye kasi kuliko yote. Nilicheka peke yangu, si kwa kumdharau, bali kwa sababu swali hilohilo niliwahi kujijibu mwenyewe kwa kiburi, na jibu lile likanipotezea mashindano niliyoyafanyia mazoezi miezi mitano.

Yalikuwa mashindano ya Jumapili, kutoka Tanga mjini hadi Muheza na kurudi, mwendo wa kilomita 70 hivi, na sijawahi kuwa na miguu mizuri kama niliyokuwa nayo mwaka ule. Wiki mbili kabla yake nilikuwa nimeagiza kutoka Dar es Salaam matairi mepesi ya mashindano yenye upana wa milimita 23, laini mkononi kama ngozi ya ngoma iliyolowa, na badala ya kuyatunza hadi siku yake nikayafunga papo hapo ili watu wa Raskazone wayaone asubuhi nikipita. Kwa wiki mbili nikayapitisha juu ya kila kilichokuwapo barabarani: vipande vya chupa, kokoto, na zile nyaya nyembamba za chuma zinazobaki kwenye lami kila tairi la lori linapopasuka. Usiku wa kuamkia mashindano nikayajaza upepo hadi presha ya 120 kwa kipimo cha psi cha kwenye pampu, nikiamini kwamba tairi likiwa gumu ndipo linapokimbia.

Fundi wangu wa Ngamiani, mzee aliyeanza kuziba pancha kabla sijazaliwa, alilibonyeza tairi la mbele kwa kidole gumba akatikisa kichwa. "Mwanangu, hapa hujafunga tairi, umefunga jiwe. Punguza." Nikamwitikia kwa adabu, "Nimekusikia, mzee," kisha nikaondoka bila kupunguza hata kidogo, maana moyoni nilisema kwamba huyu amezoea Phoenix za kubebea mkaa, baiskeli ya mashindano ataijulia wapi.

Tulipopita Kange nilikuwa wa tatu. Tulipokaribia Pongwe viganja vilikuwa vimekufa ganzi kwa mtetemo, na kila palipokuwa na kiraka cha lami baiskeli iliruka badala ya kupita, jambo ambalo wakati ule nililichukua kuwa ni dalili ya kasi. Kisha gurudumu la nyuma likaanza kunong'ona. Nilipolitoa tairi niliona tundu lisilozidi punje ya mchele, na ndani yake kipande cha waya chenye urefu wa ukucha, ambacho nilikichomoa kwa meno. Kilikuwa kimeota kutu. Maana yake hakikuingia siku ile. Kilikuwa kimekaa humo siku kadhaa kikijipenyeza kidogo kidogo kila gurudumu lilipozunguka, nami sikuwahi kulikagua tairi hata mara moja. Nikabadili tyubu, nikaondoka kwa pupa, na baada ya kilomita nne tyubu ya pili nayo ikatoboka, kwa kuwa sikupapasa upande wa ndani wa tairi na kumbe mlikuwa na waya mwingine.

Nilikaa chini ya mwembe hadi wenzangu waliporudi kutoka Muheza. Mmoja wao, ambaye katika mazoezi hajawahi kunipita hata siku moja, alipiga kelele kuniuliza madafu nauza bei gani. Ni miaka minne sasa na bado nayasikia maneno yale nikipita pale.

Sasa nikujibu, mdogo wangu wa Korogwe, na wengine mnaotamani kushinda kama ninavyotamani mimi. Tairi la mashindano lina kasi kwa sababu mpira wake ni mwembamba na nyuzi zake ni laini, hivyo linapojikunja juu ya lami halili nguvu nyingi za mpandaji; na kwa sababu hiyohiyo linatoboka upesi. Tairi la mazoezi lina mpira mnene na mara nyingi lina mkanda wa kuzuia miiba chini yake, ni zito, na utalihisi likikuvuta nyuma. Acha likuvute. Asiyevumilia kuvutwa asubuhi ya Jumanne hana haki ya kulalamika Jumapili, na ninasema hivyo nikijua kwamba nilikuwa wa kwanza kutovumilia.

Kuhusu upana, wale wa Tour de France walipanda milimita 23 kwa miaka mingi, wakahamia 25, na siku hizi 28 ni jambo la kawaida kwao, kwani tairi pana kwenye lami ya kukwaruza linameza mtetemo ambao vinginevyo ungeumezwa na mwili wako. Mimi nina kilo 68, napanda 28, najaza presha ya 75 nyuma na 70 mbele, kwa sababu uzito mkubwa uko nyuma. Namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni kikomo, si amri. Kabla ya kununua, pima kwanza nafasi iliyopo kati ya tairi na fremu, maana fremu nyingi za zamani haziipokei 28. Na tairi la nyuma likilika, lihamishe la mbele liende nyuma na jipya ulifunge mbele, kwani tairi la mbele likipasuka kwenye mteremko hutapata nafasi ya kujuta.

Tahadhari moja iliyowaponza wengi hapa mjini: ukiingia dukani ukasema unataka 28, unaweza kupewa tairi la Phoenix, ambalo 28 yake ni inchi na si milimita. Tafuta ubavuni namba iliyoandikwa kwa herufi ndogo, inayotaja kipenyo cha rimu kwa milimita. La Phoenix husomeka 635, la baiskeli yako ya mashindano, ile saizi iitwayo 700, husomeka 622, na hizo milimita 13 hakuna fundi awezaye kuzifuta kwa nyundo.

Mwezi uliopita nilirudi kwenye barabara ileile. Matairi ya mashindano niliyafunga Jumamosi jioni, mzee akayabonyeza na kusema, "Haya, sasa tairi." Nilimaliza wa pili, dakika kadhaa mbele ya yule bwana wa madafu. Sikumwambia neno, ingawa nilikuwa nimeliandaa.

Wewe mwenye fedha ya jozi moja, nunua la mazoezi lenye mkanda, ushindane nalo hilohilo mwaka huu, na chenji itakayobaki ununue tyubu mbili, viraka na solusheni. Ukipita Tanga kabla ya kununua nitakupeleka Ngamiani kwa mzee, ila uje na gurudumu lenyewe, si picha yake.