Maswali yenu: Chavua puani, tufaha mdomoni

SWALI: Habari dokta, mi nina mafua ya chavua toka utotoni, msimu wa maua ukifika ni chafya na macho kuwasha mpaka basi. Sasa siku hizi nikila tufaha bichi au karoti mbichi midomo inaanza kuwasha, ulimi unachomachoma, koo linakwaruza, yaani hata ndani ya masikio, halafu baada ya nusu saa hivi kwisha. Cha ajabu karoti za kwenye supu nakula bila shida. Nimepima damu kuangalia aleji, majibu yamerudi na vyakula kibao eti "chanya", mpaka karanga ambazo nakula karibu kila siku na sijawahi kudhurika. Ndo niache vyote? – Msomaji wa kike, miaka 34

JIBU: Dada yangu usiache vyote! Hiyo karatasi iweke pembeni kwanza, manake maelezo yako tu hapo juu yameshanipa picha nzuri kuliko hayo majibu ya maabara.

Kinachotokea ni hivi. Mwili wako umetengeneza kingamwili za IgE (zile zinazoleta aleji) dhidi ya protini ya chavua, na kwenye matunda na mboga kuna protini zinazofanana nayo sana, kwa hiyo kinga inakutana na tufaha inadhani ni chavua ileile. Ndio maana anayesumbuliwa na chavua ya mti wa bechi mara nyingi anapata shida na tufaha, pichi, cheri, karoti, seleri na hezelinati (kokwa za mtini), na wa chavua ya gugu la ragwidi analalamika zaidi tikiti na ndizi. Protini hizi nyingi ni dhaifu, moto unaziharibu, hata asidi ya tumbo inaziharibu, ndo maana muwasho unaishia mdomoni na ndo maana supu haikufanyi kitu.

Sasa kuhusu karatasi. Kipimo cha damu kinaonyesha tu kwamba kingamwili zipo, hakisemi kwamba chakula kinakudhuru, na mtu mwenye mafua ya chavua anaweza kuonekana chanya kwenye vyakula vingi kwa sababu ya huo mfanano tu. Karanga unazila na hudhuriki, basi endelea kuzila, mwili wako umeshajibu swali hilo. Inaniuma sana kuona watu wazima wamejinyima vyakula miaka na miaka kwa sababu ya orodha ambayo hakuna mtu alikaa nao chini akawauliza wanakula nini. Na vile vipimo vya IgG (kingamwili ya aina nyingine) vinavyouzwa mtandaoni eti vinaonyesha vyakula "visivyokupatana", hela yako usiitoe kabisa, havipimi aleji.

Ukienda kwa daktari wa mzio nenda na maelezo: ulikula nini, kibichi au kimepikwa, kimemenywa au na ganda lake, ilichukua dakika ngapi, ilikuwa msimu wa chavua au la (kwenye msimu huwa inazidi), ulikuwa umetoka kufanya mazoezi, umekunywa pombe au umemeza dawa ya maumivu kama ibuprofeni. Hayo ndo yanamsaidia aamue apime nini, asipime kila kitu kwa pamoja halafu akuachie orodha nyingine ya kukutisha.

SWALI: Mimi nilichomwa kipimo cha ngozi cha tufaha nikaambiwa sina aleji, lakini nikiling'ata tu midomo inavimba. Nani muongo? – Kaka aliyechanganyikiwa

JIBU: Hakuna muongo kaka. Dawa ya kupimia inayotengenezwa kiwandani mara nyingi hizo protini dhaifu zinakuwa zimeshaharibika, kwa hiyo kipimo kinatoka hasi na wewe una shida kweli. Muombe daktari apime kwa tunda lenyewe bichi, anachoma kijisindano kwenye tufaha halafu palepale anakuchoma kidogo kwenye ngozi ya mkono, mnasubiri kama dakika 15 kuona kama panavimba. Kingine, ulikuwa unameza dawa za aleji kama setirizini? Hizo zinaficha majibu, inabidi uziache siku kadhaa kabla, daktari atakwambia ngapi. Ikibaki utata, kipimo cha uhakika zaidi ni kulishwa kidogo kidogo hospitalini mbele ya wataalamu, hiyo usijaribu nyumbani.

SWALI: Kama ni kuwasha mdomo tu, kuna haja gani ya daktari? – M.

JIBU: Haja ipo, kwa sababu sio zote zinaishia mdomoni. Ukiona hata tunda lililopikwa linakudhuru, au unapata vipele mwilini, kutapika, kifua kubana, kizunguzungu, hapo inawezekana ni protini ya aina nyingine kabisa, kwa mfano ile inayoitwa LTP ambayo kwenye pichi imejaa kwenye ganda, moto hauiwezi, na inaweza kukuangusha. Pia maziwa ya soya, mtu mwenye aleji ya bechi akinywa glasi nzima kwa mkupuo anaweza kupata shida kubwa hata kama matunda yanamuwasha tu. Seleri na kokwa za mtini kama hezelinati nazo kuzipika sio kinga ya uhakika. Daktari anaweza kuagiza kipimo cha damu kinachotenganisha protini moja moja, pale utaona majina kama Gly m 4 ya soya au Ara h 2 ya karanga, na hiyo Ara h 2 ikiwa juu halafu karanga zinakuletea shida, hilo ni jambo zito tofauti na muwasho wa chavua. Ukipatwa na dalili hizo kali, hasa pumzi ikibana au ukahisi unazimia, dawa ni sindano ya adrenalini na hospitali haraka, vidonge vya aleji peke yake havitoshi.